Bi Somoe Alipokataa Kuiba: Mwongozo wa Kuishi na Wahusika Wako Unapoandika Riwaya

Mara tatu nilimwandika Bi Somoe akiiba fedha za kikoba (kikundi cha kuweka na kukopa), na mara tatu sura ile ilinifia mkononi. Ilikuwa sura ya 9 ya mswada wangu. Kila kitu nilishakipanga: mama wa miaka 58, muuza vitumbua karibu na kivuko cha Pangani, ndiye anayekaa na sanduku la kikundi uvunguni mwa kitanda chake. Madeni yanambana, usiku mmoja analifungua, anachukua fedha. Kwenye karatasi ya mpango mambo yalikaa sawa. Kwenye ukurasa, mama yule alikwenda kama kuti linaloburutwa.

Namna nilivyoingia kwenye mkwamo ule na namna nilivyotoka ndiyo ninayoieleza hapa, hatua kwa hatua, kwa ajili ya yeyote aliyefika katikati ya riwaya akaona wahusika wake hawamsikilizi, au yeye ndiye asiyewasikia.

Kwanza nikuondolee wasiwasi mmoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, waliwahoji waandishi 181 waliofika kwenye tamasha la vitabu la Edinburgh mwaka 2014 na 2018. Asilimia 63 walisema huwasikia wahusika wao wakizungumza, na asilimia 61 walisema wahusika hao huweza kutenda kwa hiari yao wenyewe. Ina maana zaidi ya theluthi moja hawasikii kitu, na wanaandika vitabu. Mwandishi wa riwaya Vladimir Nabokov alikuwa akiwaita wahusika wake watumwa wa kupiga makasia. Mwenye jahazi ni yeye. Kwa hiyo kama husikii sauti usidhani huna kipaji, na kama unazisikia usikimbilie kwa mganga.

Mimi siamini kwamba mhusika ana roho. Naamini hivi: mhusika akikataa kufanya ulichomwambia, sikio lako limegundua unadanganya kabla akili yako haijakubali. Hatua zote zinazofuata ni za kulinoa sikio hilo.

Hatua ya 1: Mfungulie daftari lake

Daftari la shule linatosha, moja kwa kila mhusika mkubwa. Usianze na urefu, weupe au weusi, na umbo la pua. Hayo msomaji atayasahau mapema, na wewe utayasahau kabla yake. Ndiyo maana macho ya mhusika huwa ya kahawia sura ya 2 na meusi sura ya 14. Anza na maswali yanayouma kidogo. Nani anamdai, na yeye anamdai nani? Akisikia hodi saa nne usiku, moyo unamwambia ni nani? Akiwa peke yake nyumbani, anakula nini? Ni uongo gani mdogo anaousema kila siku hadi ameshasahau kwamba ni uongo? Na mikono yake inajua kitu gani ambacho yako haikijui?

Swali la mwisho ndilo lililonitoa jasho. Mimi ni mwalimu. Vitumbua nimevila maisha yangu yote, sijawahi kupika hata kimoja. Nikaenda kukaa kwenye kigoda kando ya mama mmoja mpishi, asubuhi nne mfululizo, tangu saa kumi na moja alfajiri. Kwamba mchele unalowekwa usiku, unasagwa, unatiwa tui, hamira na iliki, unaachwa uumuke, hayo angeniambia mtu yeyote. Nisiyoyategemea ni haya: vitumbua vya kwanza kutoka kwenye chuma hakuviuza, kwa sababu chuma kilikuwa hakijakolea na vinanata, aliviweka kando kwa ajili ya mtoto yeyote atakayetumwa dukani. Na masizi. Yalikuwa kwenye kucha, kwenye pindo la kanga, kwenye mkunjo wa kiwiko. Niliyaandika yale masizi bila kujua ya nini. Yalikuja kuniokoa sura ya 9.

Hatua ya 2: Orodhesha wanaomwita, na wanavyomwita

Tunao urithi wa majina yanayosema. Katika *Kusadikika* (1951) Shaaban Robert alimpa mshtakiwa jina la Karama na mshitaki wake jina la Majivuno, na kwa hadithi ya aina ile jina ni sehemu ya hoja. Lakini ukiandika riwaya ya watu wa mtaani halafu ukamwita mchoyo wako Bwana Mchoyo, umemfunga kamba mguuni. Hatakuja kukushangaza hata siku moja.

Badala ya kutafuta jina lenye maana, andika orodha ya kila anayemwita mhusika wako na neno analotumia. Bi Somoe kwa wanakikundi ni Bi Somoe. Kwa wateja ni mama, kwa wanafunzi ni bibi. Kwa jirani yake waliyechezwa naye unyago mmoja ni shoga. Kwa Hatibu, mtoto wa kaka yake aliyemlea tangu akiwa na miaka sita, ni shangazi. Nilipomaliza orodha nikaona kwamba tangu mumewe afariki hakuna mtu hai anayemwita Somoe tupu. Hilo sikulipanga. Lilikuwa limelala ndani ya orodha.

Hatua ya 3: Pima uhusiano kwa salamu

Hapa nitakaa kidogo, maana ni chombo tulichopewa na lugha yetu na wengi tunakiacha kabatini. Katika Kiswahili huwezi kuwakutanisha watu wawili bila kuamua nani anamwamkia nani. Shikamoo inakwenda upande mmoja, marahaba inarudi upande wa pili, na ndani yake kuna umri, udugu, deni, chuki iliyofichwa. Ukijua wahusika wako wawili wanasalimianaje siku ya kawaida, tayari unajua siku isiyo ya kawaida itasikikaje.

Hatibu kila alfajiri hupita jikoni kabla ya kwenda kwenye karakana ya injini za boti. Husema, "Shikamoo shangazi." Naye hujibu, "Marahaba baba, umelalaje?" Sura nane nzima ni hivyo hivyo, hadi msomaji haisikii tena. Halafu inakuja asubuhi baada ya wizi, ambao mwishowe haukuwa wa Bi Somoe bali wa Hatibu; Hatua ya 5 utaona ilivyokuwa. Hatibu anasimama mlangoni, haingii.

"Za saa hizi, shangazi."

Bi Somoe hakugeuka. Alichokonoa kitumbua, akakipindua.

"Marahaba," akasema.

Ameijibu salamu ambayo haikutolewa. Nilipouandika mstari ule nilisimama, nikaenda kunywa maji. Sikuhitaji kueleza kwamba shangazi anajua.

Zoezi lenyewe: chukua kila jozi ya wahusika wako, andika salamu yao ya siku ya kawaida kwa mistari miwili, kisha andika salamu hiyo hiyo siku ambayo mmoja anaficha jambo. Jozi kumi, mistari arobaini. Ukikuta jozi ambayo huwezi kuiandikia, hao wawili hujawajua bado, hata kama wamo pamoja katika sura tano.

Hatua ya 4: Tenganisha sauti

Kiswahili hakitofautishi mwanamke na mwanamume kwenye kitenzi. "Akamwambia amwambie kwamba hamtaki" ni sentensi safi kabisa, na msomaji hajui nani kamkataa nani. Anayeandika kwa lugha yenye "yeye wa kike" na "yeye wa kiume" ana mkongojo ambao sisi hatuna, kwa hiyo sauti ya mhusika yenyewe lazima ibebe mzigo.

Chukua ukurasa mmoja wa mazungumzo. Futa majina yote, futa kila "akasema" na "akajibu", acha maneno matupu. Mpe mtu wa nyumbani akuambie ni watu wangapi wanaongea. Akisema mmoja, unajua la kufanya. Mara nyingi dawa si kumpachika mhusika lahaja. Neno moja au mawili ya Kimtang'ata, lahaja ya huko Pangani, uliyoyasikia kwa sikio lako yanatosha. Ukurasa mzima wa lahaja ya kubuni unamchosha msomaji wa Kisumu na kumkera msomaji wa Pangani. Tazama kwanza urefu wa sentensi, nani humaliza maneno yake na nani huyaacha njiani, nani hujibu swali kwa swali.

Kuna jaribio jingine. Chukua sura uliyoiandika kwa *a-* (yeye), iandike upya kwa *ni-* (mimi), kwa mkono, bila kunakili. Si lazima uitumie kitabuni. Bi Somoe alipoanza kusema "ni-" alikuwa mcheshi, jambo ambalo mimi sikulijua. Kwa *a-* nilikuwa nimemfanya mama wa huzuni tupu. Wengine wanafaa kutazamwa kutoka nje. Muhammed Said Abdulla alimpa mpelelezi wake, Bwana Msa, rafiki, Najum, awe karibu naye, nasi tunabaki tukikitazama kile kiko na kujiuliza kichwani mle mna nini. Angetufungulia kichwa hicho mapema, upelelezi ungekwisha.

Hatua ya 5: Anapokataa, mkague, usimlazimishe

Dalili ya kwanza ya mhusika aliyekataa iko kwenye *-ka-*. Haya ndiyo niliyoyaandika mara ya pili:

"Akaamka, akavuta sanduku, akalifungua, akachukua fedha, akazifunga kwenye kanga, akalala."

Ka sita, mtu hakuna. *-ka-* ni mtumishi mzuri wa simulizi, lakini ikianza kukimbia peke yake namna hii, ujue unamsukuma mhusika mgongoni apite mahali asipopataka. Ukiona mnyororo wa aina hiyo, simama hapo hapo, ujiulize mambo matatu.

Je, anaweza? Nilirudi nyuma, na sura ya 3 nikakuta maandishi yangu mwenyewe: sanduku lina kufuli tatu, kila ufunguo una mwanamke wake, na anayekaa na sanduku si mmoja wao, kama vikundi vingi vinavyofanya. Bi Somoe asingeweza kulifungua hata angetaka. Mimi nilisahau, yeye hakusahau. Makosa ya namna hii ni mengi kuliko unavyodhani, na mwandishi huyaita "mkwamo wa ubunifu" ili apate kulala mchana.

Je, angetaka? Katika daftari lake, kwenye swali la anayemwogopa akipiga hodi, nilikuwa nimeandika: hamwogopi mtu. Mwanamke asiyeogopa hodi ya usiku akibanwa na deni atakwenda mchana kweupe kuomba aongezewe muda, na atamchekesha mwenye deni. Haibi. Wizi haukuwa wake, ulikuwa wangu. Niliutaka kwa sababu riwaya ilihitaji fedha zipotee.

Je, ni nani basi? Hili ndilo swali lenye asali. Tukio linaweza kuwa la kweli na mtendaji akawa si yeye. Nikafungua daftari la Hatibu. Fundi, mwenye mikono, mwenye deni la kamari asilolisema. Fundi hagusi kufuli. Anaugeuza mgongo wa sanduku, anatoa skrubu za bawaba, anachukua, anarudisha. Na kwa kuwa ni fundi hasa, skrubu mbili zenye kutu anaona aibu kuzirudisha. Anatia mpya.

Sura ya 9 niliiandika asubuhi moja:

"Alilivuta sanduku nusu, kisha akabaki amelishika. Skrubu mbili za bawaba zilikuwa zinang'aa. Alizitazama mpaka taa ikaanza kufuka. Halafu alikwenda jikoni, akapitisha kidole chini ya chuma cha vitumbua, akarudi, akazipaka masizi. Moja, kisha ya pili. Akalisukuma sanduku mahali pake."

Amekataa kuiba, akakubali kuficha. Kwa riwaya yangu hilo la pili ni baya zaidi, maana sasa ana siku ishirini na tatu za kuzirudisha fedha za watu kwa faida ya vitumbua kabla ya kikao cha mwezi. Sura sita zilizofuata zilitoka bila kusukumwa.

Usinielewe vibaya: si kila kukataa ni kwa haki. Wakati mwingine mhusika anagoma kwa sababu wewe ndiye unayeogopa tukio. Tofauti yake huwa naiona hivi: nikikwama kwa sababu ya uongo, nachoka, nikikwama kwa sababu ya hofu, ghafla nakumbuka madaftari ya wanafunzi ambayo hayajasahihishwa.

Hatua ya 6: Mpe mwovu wako kazi anayoiweza

Hili ni fupi. Hatibu alikuwa bapa, yaani mtu wa upande mmoja tu, kama tulivyofundishwa kuwaita kidato cha tano, mpaka nilipompa ufundi. Mpe mwovu kitu kimoja anachokifanya vizuri kuliko mtu mwingine yeyote kitabuni, na ikiwezekana kitu hicho hicho ndicho kimuumbue.

Hatua ya 7: Ukiazima mtu wa kweli, muazime vipande

Niliwahi kuandika hadithi fupi na kumpa mhusika kicheko cha mke wa binamu yangu, kile cha kuanza kwa kikohozi. Kicheko tu. Lakini mhusika yule alikuwa mchawi. Hadithi ilisomwa, kicheko kikatambulika, na hadi leo kwao napewa chai isiyo na sukari.

Tangu hapo nina kanuni: mhusika mmoja, watu wasiopungua watatu. Kicheko cha mmoja, kazi ya mwingine, dhambi ya wa tatu. Kisha nahamisha mji. Na kabla ya kuitoa kazi najiuliza: ukurasa huu ningeweza kuusoma kwa sauti barazani, naye ameketi pale? Jibu likiwa hapana, nabadilisha mpaka liwe ndiyo, au nakubali nimeandika umbea na kuufuta. Mama wa vitumbua niliyekaa kwake asubuhi nne hana chochote cha Bi Somoe isipokuwa masizi. Nilimweleza naandika kitabu. Aliuliza kama kitakuwa na bei za unga.

Hatua ya 8: Jua saa ya kuingia na saa ya kutoka

Mwandishi huumwa na wahusika wake. Mwandishi Mfaransa Gustave Flaubert alimweleza mhakiki Hippolyte Taine katika barua ya mwaka 1866 kwamba alipokuwa akiandika mhusika wake Emma Bovary anavyojitilia sumu, alihisi ladha ya arseniki mdomoni waziwazi hata akatapika chakula chake. Mimi sijatapika, lakini kuna kipindi nilikuwa nikilitamka jina la Bi Somoe usingizini, na mke wangu akaniuliza kwa utulivu wa kutisha, "Baba Asha, huyu Somoe ni nani?" Nikampa daftari asome. Alisoma, akasema, "Mbona huyu ana akili kuliko wewe?" Tukayamaliza.

Kwa hiyo weka mlango. Mimi naingia saa kumi na moja alfajiri kwa kusoma mstari wa mwisho wa jana kwa sauti. Natoka saa moja kasorobo: naandika mstari mmoja wa kesho, hata kama haujakamilika, nafunga daftari, naoga, nawaamsha watoto. Kuoga kuna maana. Ukitoka kwenye sura ya msiba ukaenda moja kwa moja kwenye chai, watu wa nyumbani watadhani umewanunia. Na siku unayoandika kifo, mwambie mtu mapema: leo nina mazishi.

Hatua ya 9: Ukitaka kumuua

Jiulize unamuua kwa sababu hadithi imemfikisha hapo au kwa sababu umemchoka. Arthur Conan Doyle alimchoka mpelelezi wake Sherlock Holmes, akamtupa kwenye maporomoko ya maji mwezi Desemba 1893. Wasomaji walimlilia na kumlaumu. Mwaka 1901 alianza kumrudisha kwa kisa kilichotokea kabla ya kifo, na mwaka 1903 ikabidi aeleze kwamba hakufa kabisa. Ukiua kwa uchovu, jiandae kufukua kaburi.

Mimi nilitaka kumuua Hatibu, azame mtoni. Nikamkagua kwa maswali yale matatu: anaogelea kuliko samaki. Amepanda basi la Dar es Salaam, hajaaga.

Hatua ya 10: Ukurasa wa siku ya pili yake

Ukishamaliza rasimu, kabla ya kuanza kusahihisha, andika ukurasa mmoja ambao hautaingia kitabuni: mhusika wako, siku moja baada ya sura ya mwisho, jambo la kawaida kabisa. Ukishindwa kuuandika, rudi kwenye rasimu. Kuna mahali umempoteza, na mara nyingi ni theluthi ya mwisho, pale ulipoanza kukimbilia kumaliza. Usiupange. Mwache aamke tu.

Wa kwangu una mistari michache. Ni jioni, fedha zimerudi zote, kikao kimepita, hakuna aliyejua. Bi Somoe anapima mchele wa kuloweka. Kwa biashara ya kesho kibaba kimoja kinamtosha. Anapima kimoja, anatia nusu ya pili juu yake, mkono unasimama hewani, halafu anamimina maji.